Ghorofa ya Pili Chini

Watu wa jengo hili huhesabu kupanda:
ya nne mawakili, ya tisa benki,
ya kumi na mbili kahawa na upepo.
Mimi huhesabu kushuka. Moja. Mbili.
Pale taa ya mrija inapopepesa
ndipo kibanda changu: stuli, mashine ya risiti,
msumari wa kutundikia mkoba.

Bahari iko hatua mia tatu tu, nyuma ya Posta,
lakini upepo wake haujawahi kushuka ngazi hizi.
Huku hewa ni ya mitumba,
imeshavaliwa na injini kabla yangu.

Dereva wa mkurugenzi hazimi gari.
Anamsubiri bosi, kiyoyozi kinawaka,
saa nzima, vioo juu, amelala mdomo wazi.
Umeme ukikatika, jenereta huamka pembeni
na feni, ile moja, hunyamaza.
Si kwamba husema sana. Feni yetu
hufanya kazi siku za wakaguzi.

Jioni nikipenga kamasi naangalia leso.
Sitasema rangi yake.
Mwanangu Kibibi akinikumbatia husema,
"Mama, unanuka gari,"
kana kwamba tuna gari.

Akaja Kokubanza, mwanafunzi wa chuo,
daftari kwapani, viatu vya kazi.
Akanifunga kipampu kiunoni,
mrija ukapanda mgongoni hadi kwenye ukosi,
mwishoni karatasi ya duara, nyeupe,
pana kama sarafu ya mia mbili.
"Kinavuta unachovuta," akasema.
Kikaguna. Nikakizoea
kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

Aliniambia kuna miji ambako treni hupita chini ya ardhi,
breki zinasaga chuma, magurudumu yanasaga reli,
na vumbi la chuma huelea vituoni lisionekane.
Huko nako hupima.
Nikauliza: wanampima nani, abiria
au mkata tiketi?
Abiria anapita.
Akaandika kitu. Hakunijibu.

Siku ya pili Bwana Lukindo, msimamizi, akashuka
na kitambaa puani, akitabasamu kwa macho.
"Mama Kibibi, wiki hii kaa geti la juu.
Upunge hewa kidogo. Wewe na hicho kidude chako."
Nikaelewa. Mimi si mtoto.
Kidude kikipunga hewa, jengo zima limepona.

Chini wakamweka Pazi, kijana wa Mbagala,
miaka kumi na tisa, kidevu bado laini,
kila gari likiingia hulipigia saluti.
Nikafungua mkanda.
"Pazi, vaa hiki. Usikivue hata ukienda chooni."
"Ni nini?"
"Shahidi."
Akacheka. Akavaa.

Siku tatu nilikaa juu. Niliona mawingu mchana,
nikala mihogo ya kukaanga isiyo na ladha ya petroli,
nikauonea haya utamu wake.

Kokubanza aliporudi akalitoa duara kwa kibanio.
Lilikuwa limegeuka tako la sufuria ya kuni.
Sikumwambia kitu. Naye hakuuliza
kwa nini mkanda ulikuwa umetobolewa tundu jipya,
la kiuno chembamba kuliko changu.

Namba zilikuja baada ya miezi miwili, kwa bahasha.
Sijui kuzisoma. Najua ni kubwa
kwa jinsi Bwana Lukindo alivyozikunja mara nne.
Juu pameandikwa: Siwema Kondo,
miaka arobaini na mbili, zamu ya mchana.
Jina ni langu.
Pumzi ni za Pazi.

Leo nimerudi kwenye stuli yangu.
Feni imewaka tangu asubuhi, kwa hiyo kuna mgeni njiani.
Pazi yuko geti la juu, nilimwombea,
anayapigia magari saluti
na anakohoa, nadhani, kidogo tu.
Geti liko mbali.
Na feni hii, ikiamua kufanya kazi,
ina kelele.